Mnara Nao Ujitambulishe

Mwananchi wa Tanzania alitakiwa kuweka kidole kwenye mashine ili aendelee kumiliki laini ya simu. Baada ya tarehe 20 Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Hoja ilikuwa usalama, nami leo sigombani nayo. Ninachohoji ni kwa nini upande wa pili wa mazungumzo, yaani mnara, haudaiwi kitambulisho mbele ya mwananchi huyo huyo.

Teknolojia ya kizazi cha pili, 2G, iliyozinduliwa Finland mwaka 1991, iliundwa hivi: simu huuthibitishia mtandao kuwa laini ni halali, lakini mtandao hauithibitishii simu chochote. Tena mnara ndio unaoamua iwapo mazungumzo yafichwe kwa msimbo au yapite wazi. Basi mtu akiwa na kifaa kinachojifanya mnara, akakipakia garini na kurusha mawimbi yenye nguvu kuliko ya minara ya jirani, simu zitamfuata kama vifaranga. Si hadithi za kutisha watoto. Mjini Paris, mwishoni mwa mwaka 2022, polisi walikuta kifaa cha aina hiyo ndani ya gari, kikitumika kusambaza ujumbe wa kitapeli.

Kizazi cha tatu kilirekebisha kasoro hiyo, lakini mshambuliaji huilazimisha simu ishuke tena kwenye 2G. Mwenye kitochi hana hata pa kushukia. Yuko huko huko siku zote, na pesa zake zipo humo.

Tunaambiwa kuwa kugundua mashambulizi haya ni kazi ya wataalamu. Dalili zake hata hivyo zinajulikana: mnara usiowahi kuonekana eneo hilo, namba ya eneo isiyolingana na ya majirani, mawimbi yanayopanda ghafla, simu inayoporomoka kutoka 4G bila sababu, ulinzi wa msimbo unaozimwa. Ni kweli kwamba mnara wa muda uliopelekwa kwenye tamasha nao huonekana mgeni, na kengele za uongo zitakuwepo. (Wenzangu vyuoni wanaojivunia usahihi wa asilimia 99 kwa data za KDD za mwaka 1999, zilizoigizwa Marekani kwenye mtandao wa nyaya, wangesaidia zaidi kama wangetoka na kupima minara ya Kariakoo.)

Lakini dalili ile ya mwisho haihitaji utaalamu wowote. Simu yenyewe inajua pale msimbo unapozimwa, na kanuni za kimataifa za GSM ziliweka nafasi ya kumwonya mtumiaji. Kanuni hizo hizo zikaruhusu kampuni ya simu kulizima onyo hilo kwa alama moja ndogo iliyoandikwa ndani ya laini. Yaani kengele ilikwishabuniwa, kisha ufunguo wake akakabidhiwa muuza huduma.

Watakuja wa kusema kwamba onyo litazua taharuki. Mbona kuzimiwa laini hakukuogopwa kuzua taharuki? Mamlaka iliyoweza kupanga foleni za vidole nchi nzima inaweza kuziagiza kampuni ziwashe onyo hilo, zichapishe orodha ya minara yao halali, na zitangaze tarehe ya kuizika 2G, baada ya wenye vitochi kupatiwa simu nyingine wanazoweza kuzimudu.