AFYA YA MAMA: Tusiisingizie Baridi

Huku Mbeya na Iringa, ifikapo mwezi wa sita na wa saba, kila anayeumwa mifupa husema ni baridi. Ndivyo alivyosema mama mmoja mjane ambaye tulimtembelea na akina mama wenzangu wa kanisani. Tangu afiwe na mumewe alikuwa haendi shambani wala sokoni. Alishinda sebuleni, kando ya dirisha la kioo lililofungwa, amejifunika blanketi, akiamini kuwa anaota jua. Mapaja na nyonga vilimuuma, na ili ainuke kitini ilibidi ashikwe mkono. Watoto walimnunulia dawa za maumivu na za kuchua.

Tulimsihi aende hospitali. Alipopimwa damu alikutwa na upungufu mkubwa wa vitamini D, na mifupa yake ilikuwa imeanza kulainika.

Utauliza, upungufu huo unatoka wapi katika nchi yenye jua kama yetu? Vitamini D hutengenezwa na ngozi inapopigwa na jua. Kazi yake ni kuusaidia utumbo kunyonya madini ya kalsiamu kutoka kwenye chakula. Ikipungua, hata ukinywa maziwa, kalsiamu nyingi hupita bure, na mwili hulazimika kuichukua kutoka kwenye mifupa. Kwa mtoto huleta matege. Kwa mtu mzima huleta maumivu na misuli kulegea. Kwa sisi akina mama, hedhi ikikoma mifupa hupungua haraka zaidi, na kuanguka kidogo tu kunaweza kuvunja nyonga.

Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya damu vya Wamaasai na Wahadzabe 60 wa hapa Tanzania. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, ilhali madaktari wengi huhesabu chini ya 50 kuwa ni upungufu. Watu hao hawaoti jua kwa makusudi. Wakipata kivuli hukaa kivulini. Ila sehemu kubwa ya siku wako nje.

Kwa hiyo baridi si ukosefu wa jua. Jua la Julai huku nyanda za juu, hata kama halikupashi joto, linatosha kabisa kutengeneza vitamini D. Kinacholizuia ni sweta, kitenge, kuta na kioo. Miale inayohitajika haipiti kwenye kioo cha dirisha.

Fanya hivi:

1. Toka nje wakati kivuli chako ni kifupi kuliko wewe, yaani kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Jua la alfajiri ni tamu, lakini vitamini D yake ni kidogo. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi, basi kaa kama nusu saa, siku kadhaa kwa wiki, mikono na miguu ikiwa wazi. Mwenye ualbino asifanye hivi. Ngozi yake huungua upesi na anaweza kupata saratani. Yeye amwone mganga.

2. Kula samaki wa mafuta, maini na kiini cha yai. Dagaa na usipa wa Ziwa Nyasa, wakiliwa na mifupa yao, hutupatia kalsiamu. Uyoga tunaonunua kandokando ya barabara wakati wa mvua, uanike juani kabla ya kupika. Nao hutengeneza vitamini D.

3. Tembea, panda mlima, lima bustani. Mfupa usiobebeshwa kazi hudhoofika.

4. Usinunue vidonge vya vitamini D kwa kubahatisha. Vikizidi hupandisha kalsiamu kwenye damu na kudhuru figo.

Ukiona maumivu ya mifupa yasiyoisha, shida ya kuinuka kitini au kupanda ngazi, au mgongo unaopinda, nenda hospitali. Si kila maumivu ni baridi yabisi, wala si kila maumivu ni uzee.

Mama yetu yule alipewa dawa, naye akahamishia kiti chake uani. Tulipomtembelea tena miezi kadhaa baadaye, tulimkuta akichambua maharage juani na jirani zake, na aliinuka mwenyewe kutupokea.

Kama una mama au mama mkwe anayeshinda ndani, leo mtolee kiti nje, nawe ukae naye.