Nani Anayemfunza Daktari?

Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2010 huzilazimu kampuni za dawa kutangaza zawadi na malipo wanayopewa madaktari. Ajabu ni kwamba haiwagusi madaktari walio bado mafunzoni hospitalini. Je, si hao hasa wafaao kulindwa? Samaki hukunjwa angali mbichi, na wachuuzi wa dawa wanalijua hilo: chakula cha mchana, kalamu, mhadhara wa bure. Mwaka 2007 kampuni ya Purdue Frederick ilikiri mahakamani kwamba iliinadi OxyContin kwa udanganyifu, ikidai haileti uraibu mkubwa. Waliodanganywa walikuwa waganga! Chuo Kikuu cha Stanford kilipiga marufuku zawadi hizo mwaka 2006; kwingineko, mwanagenzi hulishwa pasipo daftari lolote la umma kumtaja aliyemlisha.