Santuri Isihame Bila Lebo Yake

SAUTI ZA MTAANI
Na Mwanaidi Shekue

Nyumba nyingi za Tanga, Morogoro na Mombasa bado zina boksi la santuri mahali fulani: juu ya kabati, uvunguni mwa kitanda cha bibi, stoo nyuma ya magunia. Mwenyewe akishafariki, boksi hilo hutupwa, au hununuliwa na mkusanyaji wa Ulaya anayejua thamani yake kuliko warithi, au anatokea mjukuu mmoja mwenye kompyuta akajitolea kuzihamishia humo. Leo naandika kwa ajili ya mjukuu huyo. Nafurahi kuona anaongezeka, kwa kuwa sasa mashine ya santuri inachomekwa kwenye kompyuta moja kwa moja bila kuhitaji studio. Lakini namna anavyoifanya kazi hiyo inanitia wasiwasi.

Anapiga wimbo, anaurekodi, anausafisha kwa programu mpaka mikwaruzo yote iishe, anaupa jina alilolikisia kutokana na kiitikio, kisha anautuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Basi. Baada ya muda wimbo uleule unazunguka mjini kwa jina la bendi nyingine, na mwaka wa kubuni, na mtunzi hatajwi kabisa. Sauti imeokoka, ila ushahidi wote uliokuwa nayo umebaki ndani ya boksi.

Ushahidi huo si mdogo. Santuri ya 45, yaani ya mizunguko 45 kwa dakika, ya miaka ya 1970 ina lebo pande zote mbili, na juu yake yameandikwa jina la bendi, jina la wimbo, kampuni, namba ya toleo, na mara nyingi, kwa herufi ndogo kwenye mabano, jina la mtunzi. Kando ya lebo, pale palipo peusi pasipo na muziki, kuna namba nyingine iliyochorwa kwenye plastiki yenyewe. Iinamishe santuri kwenye mwanga utaiona. Lebo ikichanika, au kiwanda kikiwa kilibandika isiyo yake, namba hiyo ndiyo ya kufuatwa.

Nang'ang'ania jina la mtunzi kwa sababu wengi wa watunzi wale wametangulia mbele ya haki na wameacha watoto. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 na ile ya Kenya ya 2001 zinalinda utunzi katika uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mtunzi Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979. Miaka yake 50 bado haijatimia. Mrithi anayedai haki yake anahitaji kitu cha kuonyesha, na picha safi ya lebo inaonyesha jina la baba yake lilikuwa limechapwa wapi. Wimbo usio na jina la mtu unamnufaisha yeyote aliyewahi kuupakia mtandaoni.

Kuna jambo jingine linaloyafanya maboksi haya ya nyumbani kuwa na uzito. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zetu zilirekodi kwenye kanda za Redio Tanzania, na santuri zikachapwa Nairobi, ambako kazi hiyo ilikuwapo tangu miaka ya 1950. Mombasa, duka la Assanand lilitoa muziki wa pwani kwa lebo ya Mzuri. Mwaka 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na njia ya santuri ikawa ngumu zaidi. Matokeo yake, sehemu kubwa ya muziki wa dansi na taarabu wa zama zile imetawanyika majumbani, na hakuna mlango mmoja unaoweza kuubisha ukaikuta yote. Kampuni ya Soundway ya London ilipotoa mkusanyo wa Kenya Special mwaka 2013, nyingi za nyimbo zilizomo hazikuwahi kutoka popote isipokuwa kwenye santuri ndogo za 45. Ilibidi santuri zenyewe zitafutwe kwanza.

Sasa kazi yenyewe. Kabla sindano haijagusa kitu, piga picha lebo zote mbili na jalada kama lipo, kisha osha santuri kwa maji yaliyotoneshwa, yale yasiyo na asidi yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta, pamoja na matone machache ya sabuni ya vyombo. Futa kwa kitambaa laini ukifuata mzunguko wa mfereji, usikate katikati, na lebo isilowe. Ianike kivulini. Vumbi na ukungu wa masika uliokwama mferejini ni nusu ya kelele ambazo vijana wanahangaika kuzifuta kwa kompyuta, na sindano ikipita juu ya uchafu huo inazidi kuukandamiza. Sindano iliyochakaa ni mbaya zaidi: inakwangua muziki usioweza kurudi.

Kwenye kompyuta, Audacity inatosha na haina gharama. Usianze kurekodi kabla hujatafuta pale wimbo unapopiga kelele kuliko pote, mara nyingi kwenye chemko, wimbo unapochangamka na tarumbeta zinapoingia, ukapima kiwango hapo. Kilele kikae chini ya sifuri kwa desibeli sita hivi. Sauti ikigonga sifuri inakatwa kichwa, na hakuna programu itakayoirudisha kama ilivyokuwa. Mashine yako ikiruhusu, rekodi kwa biti 24 na kilohezi 96. Dakika moja itakula megabaiti 35 hivi, kwa hiyo flashi ya gigabaiti 64 inabeba pande zaidi ya 400 za dakika nne nne. Mashine nyingi za bei nafuu hazivuki biti 16. Tumia hizo hizo, ila hifadhi kwa WAV, usianze na MP3.

Hapo ndipo ninapomwomba mjukuu asimame. Nakala hiyo ya kwanza, pamoja na mikwaruzo yake, isiguswe. Kusafisha kufanyike kwenye nakala ya pili. Programu ya kufuta mikwaruzo hutafuta mlio mfupi unaopanda ghafla, na haijui kwamba cherewa hulia hivyohivyo, na gita la rithimu lililozibwa kwa kiganja pia. Nimesikia nyimbo zilizosafishwa mpaka cherewa halisikiki tena, na aliyezisafisha hana pa kurudi kwa kuwa ameshaifuta ya kwanza.

Vivyo hivyo kuunganisha pande. Nyimbo nyingi za dansi zilizidi urefu wa upande mmoja wa santuri ya 45, zikagawanywa: sehemu ya kwanza upande wa A, ya pili upande wa B. Sasa vijana wanazishona zikawa wimbo mmoja mrefu, mshono usionekane. Mimi napinga. Bendi na fundi mitambo waliamua wenyewe sauti ifife wapi na chemko lianze wapi, na uamuzi huo ni sehemu ya wimbo. Anayetaka kuucheza harusini bila kukatika na ashone nakala yake.

Santuri za 78 ziacheni kwa wenye vifaa. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa His Master's Voice, na santuri za zama hizo ni za shelaki: zikianguka zinavunjika, zikipakwa spiriti zinayeyuka. Mfereji wake ni mpana, unataka sindano nene mara nne hivi ya ile ya 45. Na hata besi yake ilichongwa kwa vipimo tofauti na vile vilivyokubaliwa mwaka 1954, ambavyo mashine za leo zimewekewa.

Vifaa hivyo mtu mmoja mmoja hawezi kuvinunua, na hapa namgeukia anayeweza. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ina majengo mikoani. Iwekwe mashine moja nzuri katika kila maktaba ya mkoa, Tanga na Morogoro zikitangulia, yenye sindano za saizi zote mbili, kamera ya kupiga lebo, na kijana mmoja aliyefundishwa kazi. Mwenye boksi aje nalo Jumamosi asubuhi, akae aone santuri zake zikipigwa, aeleze alizinunua wapi na nani alikuwa akizicheza, na hayo nayo yaandikwe. Jioni arudi nazo nyumbani zote, bila kuacha hata moja, akiwa na flashi yake mfukoni, na maktaba ibaki na nakala ya sauti na picha za lebo, kila upande na namba yake.