Baba Yupo, Ada Haipo

Jumapili iliyopita mhubiri mmoja alitumia sehemu kubwa ya mahubiri kuwasema vijana wanaoomba mkopo wa elimu ya juu ilhali baba zao wako hai. Kwa maelezo yake, mtoto wa wazazi waliotengana anajipachika uyatima asiokuwa nao. Aende kwa baba yake, apige magoti, ada itapatikana. Waumini wakaitikia "Amina". Nilitoka pale na hasira ambayo haijaisha hadi leo.

Maana si mhubiri peke yake. Utaisikia hoja hiyo kwenye daladala, saluni, hata midomoni mwa watumishi wa umma: baba akiwa hai, mtoto ana msaada. Uongo mtupu. Baba aliyeondoka mtoto yuko darasa la pili, asitume hata hela ya daftari, ni jina tu kwenye cheti cha kuzaliwa, na jina halilipi ada.

Tazama maombi yenyewe yanavyokwenda. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 imsaidie mhitaji, na mhitaji anapimwa kwa nyaraka. Yatima analeta cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Mwenye ulemavu, au mwenye mzazi mlemavu, ana fomu yake. Anayetoka kaya maskini inayosaidiwa na mfuko wa TASAF ana namba. Je, aliyetelekezwa alete nini? Kutelekezwa hakuna cheti, hakuna fomu, hakuna namba.

Mtaniambia ipo hati ya talaka. Ipo, kwa waliofika mahakamani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro upite kwanza baraza la usuluhishi ndipo talaka iombwe, na mama anayeuza vitumbua Buguruni hana siku za kupoteza kwenye mabenchi ya ofisi. Tena wengi hawakufunga ndoa yoyote. Waliishi pamoja, wakazaa, siku moja mwanamume akasema anakwenda Kahama kutafuta maisha, basi. Penzi halikuwa na cheti siku lilipoanza. Cha kuachana kitatoka wapi?

Binti wa jirani yangu amemaliza kidato cha sita na amefaulu vizuri. Mama yake ni mama lishe, saa kumi alfajiri jiko limeshawaka. Nilikuwa na binti huyo steshenari siku anajaza maombi. Alipofika kwenye taarifa za baba akakwama. Hajui baba anafanya kazi gani, hana namba yake ya simu, hajui anaishi mkoa upi. Kijana wa steshenari, macho makavu, akamwambia wapo watu wanaotengeneza cheti cha kifo. Alipie tu, mambo yaishe. Binti alikataa. Akainamia meza akalia. Huku ndiko tulikowafikisha watoto wetu: anayesema kweli anakwama, na njia iliyo wazi ni kumzika baba ambaye bado anapumua.

Kuna wanaodai tukilegeza masharti ya nyaraka kila mzazi atajifanya ametengana ili mwanawe apate bumu. Hoja ya kitoto. Nani atavunja ndoa ya miaka 20, aaibike mbele ya ukoo na mtaa mzima, kwa ajili ya fedha ambazo wala si zawadi? Huu ni mkopo! Anaulipa mtoto mwenyewe, asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016. Baba aliyetoroka hakatwi hata senti. Sasa kipato chake cha kudhaniwa kimzuieje mtoto kukopa deni atakalolibeba yeye?

Wengine wanasema mama aende ustawi wa jamii, baba abanwe. Akina mama wameenda sana huko. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na amri ya matunzo kwa kawaida hukomea hapo isipokuwa mahakama iiongeze muda. Kijana anaingia chuo kikuu akiwa ameshapita umri huo. Gharama zinapopanda kuliko wakati wowote, ndipo baba anapoambiwa kazi yake imekwisha.

Na ukoo? Ukoo unaunda kamati ya harusi, unachanga mamilioni ya ukumbi, mapambo na keki, lakini ikitajwa ada ya chuo kila mmoja ana mgonjwa nyumbani. Kadi za michango ya sendofu zimejaa mezani kwangu. Ya kumpeleka mtoto chuo sijawahi kupewa.

Njia ya kumthibitisha aliyetelekezwa ipo. Balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa mtaa wanajua ni nyumba ipi haina baba na tangu lini. Fomu za maombi zinapita serikali ya mtaa tayari. Basi uthibitisho wa mtaa, pamoja na hati ya kiapo ya mama mbele ya hakimu, vipewe uzito uleule wa cheti cha kifo, na kipato kinachopimwa kiwe cha yule anayemlisha mtoto. Muhuri wa mtaa utolewe bure, siyo kwa "hela ya soda". Anayeapa uongo ashtakiwe. Hilo ni kosa la jinai tangu zamani, halihitaji sheria mpya.