MAONI: MINAZI IKOMBOLEWE KWANZA



Siku hizi barazani ni maneno ya kuwekeza tu. Huyu kasikia redioni habari za hisa, yule mwanawe aliyeko Dar es Salaam kamwambia kuna vipande vya mfuko. Mambo mazuri, wala sina ugomvi nayo. Lakini nauliza: mtu ambaye minazi yake iko rehani atawekeza nini? Huyo amekwisha wekeza zamani, ila anamwekezea mwenzake.

Tusifichane. Kwetu Mafia mnazi ndiyo benki tangu enzi za mababu. Mtu akipata shida, iwe msiba, harusi, au mgonjwa wa kuvushwa kwenda bara kupitia Nyamisati, anamwendea mwenye fedha na minazi inaingia rehani. Tangu siku ile anayeangua ni mkopeshaji, mpaka deni lilipwe lote kwa mkupuo. Mwenye shamba ananunua nazi ya tui kwa jirani, naye analala chini ya minazi yake mwenyewe!

Haya, tupige hesabu. Tuseme umekopa shs. 200,000/= kwa minazi 20. Kila miezi mitatu, tuseme mnazi mmoja unatoa nazi 10. Jumla nazi 200. Kwa shs. 400/= kila moja ni shs. 80,000/=. Toa shs. 20,000/= za mkwezi na mchukuzi, zinabaki shs. 60,000/=. Kwa mwaka tunaangua mara nne: shs. 240,000/=. Basi mkopeshaji amekwisha pata zaidi ya fedha yake, na deni lako bado liko pale pale, shs. 200,000/=. Mwaka wa pili vile vile. Wapo waliorithi minazi kwa baba wakaikuta rehani, na wao wakaiacha rehani.

Tena wengi wetu tunaikwepa benki kwa kuogopa riba. Ni jambo la imani na ni haki. Lakini masheikh wengi wanatufundisha kwamba mkopeshaji kula faida ya kitu cha rehani nako ni mlango wa riba. Sasa tunaikimbia riba ya mjini tunaikumbatia ya shambani?

Maoni yangu ni haya. Sanduku letu la kufuli tatu lipo, na kila wiki tunanunua hisa. Mikopo ya kwanza isiwe ya kanga za sare wala ya simu mpya. Iwe ya kukomboa minazi, mwanachama mmoja mmoja, kwa zamu. Chukueni hesabu ile ile: sanduku linalipa shs. 200,000/=, minazi inarudi kwa mwenyewe, naye kila akiangua analeta shs. 50,000/=. Kwa mwaka mmoja deni limekwisha, na shs. 40,000/= zimebaki mkononi mwake. Nazi ni zile zile na mkwezi ni yule yule. Kilichobadilika ni nani anayekula. Na ikiwa wanachama watakubaliana kukopeshana bila nyongeza kwa mikopo hii, itakuwa bora zaidi.

Najua mtasema, "Na mwenzetu asipolipa?" Swali la haki. Ndiyo maana fedha isipite mkononi mwake. Viongozi wakamlipe mkopeshaji mbele ya mashahidi na karatasi iandikwe. Na kila siku ya kuangua, mjumbe mmoja awepo shambani. Kikundi nacho kiwe kimesajiliwa, kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavyotaka, ili tukidhulumiana tuwe na pa kushtaki.

Wapo watakaosema bora kuficha nyumbani. Ndugu zangu, mmesahau mara hii? Benki Kuu ilitoa muda kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025 wa kubadilisha noti za zamani, zile zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003 pamoja na noti ya 500 ya mwaka 2010. Aliyekuwa na bunda lake chini ya godoro na asijue habari, leo ana karatasi. Na wapo wanaotamani fedha ya haraka. Hao wakumbuke DECI ya mwaka 2009. Watu wa bara walipanda fedha ili wavune maradufu, na wengi hawakuvuna hata mbegu. Anayekuahidi mavuno bila kukuonyesha shamba, mkimbie.

Minazi ikisharudi na akiba ya miezi michache ikiwepo kwa ajili ya kusi bahari inapochafuka, hapo sasa twendeni kwenye vipande. Mfuko wa Umoja wa UTT upo tangu mwaka 2005 na mtu wa kawaida anaweza kuanza na kidogo. Ila ajue kwamba bei ya kipande hupanda na hushuka, na fedha ya chakula haipelekwi huko.

Naomba jambo hili liingie katika ajenda ya mkutano mkuu ujao. Mwenye rehani asione haya kusimama. Aibu si kukopa, aibu ni kuwaachia watoto deni lililokwisha kulipwa mara tatu.

Ushirika ni nguvu.

Mwanachama mwenzenu