Je, kuitangaza kazi ya mikono yako ni majivuno?

Jumapili hii sianzi na andiko. Naanza na ujumbe ulioingia kwenye simu yangu Jumanne usiku, nikiwa nimeshazima taa.

Umetoka kwa binti niliyemfundisha shule ya Jumapili katika usharika wetu. Sasa yuko Uingereza, anasomea shahada ya uzamili ya uchoraji wa picha za vitabu vya watoto. "Shikamoo Mwalimu," ameandika, kisha akaenda moja kwa moja kwenye linalomsumbua. Muhula huu hawafundishwi tena kuchora. Wanafundishwa kuonyesha walichokichora: kuchagua kazi na kuzipanga kwenye jalada, kufungua tovuti yenye jina lao, kuchapisha kadi za kugawa, kusimama mbele ya wahariri na kueleza kwa dakika chache wao ni nani na wanachora nini. Siku ya mazoezi ilipofika alisimama, akainamisha kichwa, akasema picha zake si nzuri sana ila amejitahidi. Akaketi. Mwalimu wake wa huko akamuuliza kwa upole: kama wewe mwenyewe huziamini, mhariri aziamini kwa nini?

Zimebaki wiki tatu kabla ya onyesho la mwisho, ambalo lina alama zake, na hajui afanye nini. "Mwalimu, huko si ndiko kujisifu? Tulifundishwa kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

Niliwasha taa nikausoma tena. Aliyemfundisha hivyo ni nani kama si mimi?

Alikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Tulipaka chokaa ukuta wa darasa la watoto, nikampa rangi zilizobaki achore muujiza wa mikate na samaki. Akamchora yule kijana mwenye chakula akiwa amevaa kaptura ya shule, amebeba kapu la ukili, na nyuma yake umati wa watu wenye sura za wazee wetu wa kanisa. Watu walicheka kwa furaha. Alipomaliza, akaandika jina lake kwenye kona ya chini, kwa herufi ndogo. Nikamwambia alifute, maana sifa zote ni za Mungu. Akachovya brashi kwenye chokaa, akalifunika jina lake bila kuuliza neno. Nikaenda nyumbani nimeridhika kwamba nimefundisha unyenyekevu.

Hebu kwanza tuitazame ile methali. Ni methali nzuri, na dhidi ya matapeli ni dawa. Lakini nenda sokoni asubuhi. Mama mwenye nyanya nzuri kuliko wote huzifuta vumbi, huzipanga mafungu, na ukipita hukuita: karibu baba, karibu mteja. Angeziacha ndani ya tenga na kulifunika kwa gunia, zingeoza zikiwa nzuri vilevile. Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake leo ni jina la mtindo mzima wa uchoraji, hakungoja mtu aje kumgundua ndani. Picha zake, zilizochorwa kwa rangi za mafuta za kawaida kwenye vipande vya ubao, ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, Dar es Salaam, mahali ambapo wanunuzi walipita. Alifariki mwaka 1972, na hakuwa amechora kwa miaka mingi. Kama zingebaki chumbani, nani angejifunza kwake?

Na kwa kuwa binti yetu anachora picha za vitabu, nimemkumbusha habari za Albrecht Dürer wa Nuremberg, Ujerumani. Mwaka 1498 alitoa kitabu cha Ufunuo wa Yohana chenye picha kubwa 15 alizozichora yeye, na mchapishaji alikuwa yeye mwenyewe. Kila picha ilibeba alama ya herufi za jina lake, A na D. Mkewe Agnes alikuwa akibeba picha zilizochapishwa na kwenda kuziuza kwenye masoko na magulio. Sijasikia Mkristo anayesema kazi ile haikumtukuza Mungu kwa sababu ilikuwa na herufi mbili pembeni.

Sasa turudi kwenye Maandiko. Katika Kutoka 31, Mungu anamwambia Musa kwamba amemwita Bezaleli, mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, na kumjaza Roho wake ili awe fundi wa dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao. Amemwita kwa jina. Kisha katika sura ya 35 Musa anasimama mbele ya Israeli wote na kulitangaza jina hilo, pamoja na la Oholiabu wa kabila la Dani. Na ukifika sura ya 39, kazi imekwisha, na mafundi wanaileta kwa Musa kipande kwa kipande: hema, vifungo, mbao, mapazia, meza, kinara, mavazi ya makuhani. Mwandishi anavitaja kimoja kimoja mpaka msomaji anachoka (mimi kwa miaka mingi nilikuwa naruka ukurasa ule). Musa anaikagua kazi yote, anaona imefanyika kama ilivyoagizwa, anawabariki. Mafundi walisimama na kazi yao ikatazamwa. Hakuna aliyeinamisha kichwa na kusema si nzuri sana.

Najua nitaulizwa: vipi kuhusu Mithali 27, inayotaka mtu asifiwe na kinywa cha mwingine? Vipi Mathayo 6, Bwana anapokataza kupiga tarumbeta? Maswali hayo ni ya haki, nami sitaki kuyapita mbio. Lakini tusome yale yanayokatazwa kwa tarumbeta: sadaka, sala na kufunga. Hayo ni mambo ambayo mlengwa wake ni Baba aliye sirini, na anayeyafanya ili aonwe na watu ameyapeleka kwa mtu asiyehusika. Picha ya kitabu cha mtoto mlengwa wake ni mtoto. Isipofika mikononi mwake haijafika popote. Na ukurasa mmoja tu nyuma, katika hotuba ileile ya mlimani, Bwana anazungumzia taa isiyowekwa chini ya pishi.

Kujisifu ni kusema "nitazameni mimi". Kuonyesha kazi ni kusema "itazameni hii, niliifanya kwa ajili ya fulani". Naongeza kwamba kuidharau kazi yako mbele za watu ili wakukatalie na kukusifu nako ni namna ya kuomba sifa. Nimeiona sana kwaya zetu zikijitambulisha.

Na yule mtumwa aliyeifukia talanta? Alipoulizwa, hakusema alikuwa mnyenyekevu. Alisema aliogopa. Ni mkweli kuliko wengi wetu. Tumewalea watoto wenye vipaji wakiwa na hofu, tukaivika hofu hiyo kanzu ya unyenyekevu, nasi tukaona imependeza.

Dorkasi wa Yafa alishona kanzu na nguo nyingi. Biblia inataja siku moja zilipoonyeshwa hadharani: wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha nguo zile, na mwenye kushona amelazwa orofani, maiti. Yeye alifufuliwa. Wasanii wetu wengi hawafufuki, na wasifu wao tunausoma siku ya mazishi, mkubwa, wenye vyeo vyote, mbele ya jeneza ambalo halisikii.

Makanisa nayo tujitazame. Kijana akichora bango la semina ya injili, tunamwambia Mungu atamlipa, jina lake halionekani popote, na fundi wa vipaza sauti analipwa siku hiyohiyo. Halafu tunashangaa kijana akienda kuchorea matangazo ya bia.

Hatari ipo, siikatai. Wale wa Babeli walijenga ili wajipatie jina. Na simu hizi zina mnara wao: ukishabandika picha Instagram unaanza kuhesabu waliopenda, kesho unachora kile walichokipenda jana, na mwisho huchori tena, unapapasa tu. Nimemwambia binti yangu afungue ukurasa huo, aweke kazi, afunge simu arudi mezani. Asiweke picha ambayo hakuichora kwa mkono wake, hata kama mashine zinaweza kumtengenezea kumi kwa dakika. Aliyeandika hadithi atajwe. Bei aulizwayo aitaje kwa sauti ya kawaida, bila kuomba radhi.

Na aonyeshe chache. Kwenye maonyesho ya vitabu vya watoto ya Bologna, Italia, yanayofanyika tangu mwaka 1964, mchoraji anayeomba nafasi katika maonyesho ya wachoraji hutakiwa kupeleka picha tano. Tano tu. Mtu wa majivuno hawezi kuchagua tano, na mtu wa hofu pia hawezi. Hukohuko kuna kuta ambazo wachoraji vijana hubandika karatasi na kadi zao, mamia kwa mamia, zikipandiana kama mabati ya Kariakoo, kila mmoja akitumaini mhariri atapita na kung'oa kadi yake. Wenzake wa darasani wanakwenda. Yeye alikuwa ameamua kutokwenda.

Nilimwandikia hayo usiku uleule, kwa vidole vizito. Nikamwambia pia jambo nililopaswa kumwambia miaka mingi iliyopita, kwamba siku ile ya ukuta nilikosea, na naomba anisamehe. Akikaa mbele ya wahariri aanze na kijana mwenye kapu la ukili, aseme kwa nini alimvalisha kaptura ya shule. Sikuwahi kumuuliza.

Alijibu alfajiri. Alisema kaptura ile ilikuwa ya kaka yake, na siku hiyo walikuwa hawajala.

Picha ingalipo ukutani. Rangi imepauka, umati wa wazee umeanza kumomonyoka, na kwenye kona ya chini kuna doa la chokaa jeupe kuliko ukuta wenyewe. Nimeongea na Mchungaji. Fundi wa rangi atakuja Jumatano, na nimemwomba binti anitumie, kwa mwandiko wake mwenyewe, jinsi anavyotia saini siku hizi.