Ikweta si kipaji, wasee

Kila mara Kenya ikitajwa pamoja na mambo ya anga za juu, kuna msee lazima aseme: "Si tuko kwa ikweta! Sisi ndio tunafaa kurusha roketi." Hapa Kisumu hiyo stori tunaipenda hata zaidi, juu ukipanda matatu ya Busia unashuka Maseno pale kwa ikweta, unapiga picha mguu mmoja kaskazini, mwingine kusini. Poa, piga picha. Lakini hiyo ikweta yetu ishatumika kurusha setilaiti mara tisa, na hatukujifunza kurusha hata moja.

Nenda uulize kuhusu Ngomeni, karibu na Malindi. Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa mawili ndani ya bahari: San Marco la kurushia na Santa Rita la kuongozea mambo. Kati ya 1967 na 1988, roketi ndogo ya Marekani inaitwa Scout ilipeleka setilaiti tisa angani kutoka pale. Ile iliyobamba zaidi ilipaa 12 Desemba 1970, Jamhuri Dei yenyewe, Kenya ikitimiza miaka saba tangu uhuru. Ilikuwa ya NASA, ya kutafuta eksirei zinazotoka kwa nyota, na wakaiita Uhuru. Ilipata vyanzo zaidi ya 300 huko angani, na mwaka wa 2002 mwanasayansi aliyeongoza kazi hiyo, Riccardo Giacconi, akapewa Nobel.

Marekani ikapata sayansi. Italia ikapata mafundi waliojua kurusha, na baadaye wakaongoza kuunda roketi ya Vega, iliyopaa mara ya kwanza 2012. Sisi tulipata jina la Kiswahili kwa mali ya wenyewe.

Kwa nini Scout na si lile roketi kubwa la kwenda mwezini? Kwa sababu Scout ilitumia fueli ngumu, hatua zote nne. Hiyo fueli haimiminwi kama petroli. Inachanganywa ikiwa nzito kama uji wa kushiba, inamwagwa ndani ya ganda la roketi, inaganda kama mpira. Oksijeni ya kuichoma iko humo humo ndani. Kwa hivyo huhitaji matangi ya baridi kali na mabomba kila mahali. Unaleta roketi ikiwa imeshajazwa, unaisimamisha, unawasha. Ndiyo maana iliwezekana kurushwa kutoka kwa jukwaa la miguu ya chuma, mbele ya kijiji cha wavuvi.

Lakini ukishawasha, hakuna kuzima. Na ile fueli ikiwa na ufa mdogo tu ndani, moto unaingia kwa ufa, sehemu inayoungua inaongezeka, presha inapanda, na ganda linapasuka. Kwa hivyo siri yote iko kwa mikono ya anayechanganya, anayemwaga na anayekagua. Hiyo mikono haikuwa yetu.

Sasa hesabu kidogo. Kwa ikweta, dunia inakuzungusha kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa. Setilaiti ya chini ikitaka kukaa angani inahitaji kama 28,000. Hiyo ikweta tunayoringia inakupa asilimia sita hivi. Zilizobaki zote unazitafuta mwenyewe.

Wajapani walizitafuta. Mwaka wa 1955 Hideo Itokawa wa Chuo Kikuu cha Tokyo alikuwa anafyatua roketi za urefu wa sentimita 23, ndogo kuliko rula ya shule, tena zikiwa zimelala, si za kupaa. Watu wangeweza kucheka. Wakakuza ile fueli ngumu polepole, roketi yao Lambda ikafeli mara nne mfululizo, na 11 Februari 1970 ikaweka angani setilaiti ya kilo 24, Ohsumi. Omera, angalia tarehe! Ni miezi kumi tu kabla ya Uhuru kupaa pale Ngomeni. Na walirushia Uchinoura, mbali sana na ikweta.

Mwaka wa 2018, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipotaka kuweka angani setilaiti yake ya kwanza, kisanduku cha sentimita kumi kila upande, ilibidi iachiliwe kutoka kwa chumba cha Wajapani kwenye kituo cha anga cha kimataifa. Taifa-1 ya 2023 nayo ilipanda Falcon 9 kutoka California.

Najua mtu atasema watu wana njaa, Nyando inafurika, ziwa limejaa gugu, roketi ya nini? Picha za gugu unaweza kununua, nakubali. Ufundi wa chuma, kemia na ukaguzi hauuzwi hivyo. MV Uhuru ya zamani, ile meli ya miaka ya sitini, ililetwa vipande vipande kutoka Scotland ikaunganishwa hapa. MV Uhuru II imeundwa hapa hapa Kisumu, Wadachi wakisaidia, na vijana wetu ndio walioshika mashine za kuchomelea. Huo ufundi haukwendi na mgeni akipanda ndege.

Kwa hivyo wakubwa wakija na hadithi ya kituo kipya cha kurushia, msipige makofi bado. Ulizeni fueli itachanganywa wapi, na nani. Kama jibu ni "italetwa", hiyo ni Ngomeni tena, tunakodisha tu ploti. Wanafunzi wa JKUAT kwa mradi wao wa Nakuja wanajiundia roketi ndogo, na duniani kote wanaoanza hutumia fueli ya sukari. Sukari, na sisi tuko katikati ya Muhoroni na Chemelil! (Usijaribu jikoni kwa mamako, tafadhali. Hiyo ni kazi ya maabara.)

Wale wa Maseno na Kisumu Poli, niambieni: kuna hata stendi moja ya kupimia injini kwa idara yenu?